Nusu ya Kidonge cha Bibi

Kama umepimwa presha na bado unavaa sketi ya shule, na nesi akakuangalia, halafu akaanza kupima upya, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si msemaji. Darasani mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua kabisa, jibu linaishia kooni. Ndiyo maana nina daftari. Mengi ya hapa nimeyatoa humo. Machache sikuwahi kuyaandika hata humo, kwa aibu.

Naitwa Ghati. Tunaishi Turwa, upande ule ambao nyumba za mji wa Tarime zinakwisha na mashamba ya mahindi yanaanza. Nyumba yetu ilikuwa ya wanawake watupu: Bibi, Mama, mimi na mdogo wangu Bhoke. Inabidi nieleze kidogo, maana wageni huwa wanachanganyikiwa. Bibi hakumzaa Mama, wala hakumzaa baba yangu. Mume wake, mzee Marwa, alifariki bila wao kupata mtoto. Kwa mila zetu Wakurya, mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Ndivyo Mama alivyoletwa kutoka kwao Mugumu, wilaya ya Serengeti. Mwanamume aliyetuzaa hatajwi nyumbani. Sisi ni watoto wa nyumba ya Marwa, mtu ambaye hata Mama hakuwahi kumwona.

Bibi alikuwa na presha ya miaka mingi. Alikuwa na sufuria yake ndogo nyeusi ambayo haikuingia chumvi, na alikula chakula chake bila kulalamika, ila kila mara alikuwa akichungulia sahani zetu. Kila mwezi nilimsindikiza zahanati kuchukua dawa. Mwalimu wa darasa alishanizoea, ananiandikia ruhusa bila kuniuliza.

Mwaka jana mwezi wa saba, nikiwa kidato cha tatu, tulikwenda kama kawaida. Tulikaa benchi kama saa mbili, tukisogeza makalio kufuata foleni, na bibi mmoja wa nyuma yetu alikuwa akisimulia jinsi mkwe wake anavyoficha sukari. Sista Tumaini, nesi aliyehamishiwa kwetu kutoka Njombe, alimpima Bibi, akamsifu, akamtuma dirishani kuchukua vidonge. Mimi nikabaki namsubiri pale kwenye kiti. Sista alikuwa mtu wa utani.

"Njoo na wewe mjukuu, nikuonjeshe mashine," akasema.

Akanifunga mkanda mkononi. Ukabana, ukaachia. Akaangalia namba, akafungua mkanda, akaufunga mkono mwingine. Utani ukaisha. Aliniuliza kama nimekimbia. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nimekunywa kahawa. Hapana. Akainama akaniuliza polepole kama siku zangu ninaziona, lakini polepole ya nesi inasikika benchi zima. Wale bibi wote wakageuka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Namba ilikuwa mia na sitini na nne, chini mia na sita. Niliikariri kama namba ya mtihani.

"Kwenu nani ana presha?" akauliza, kalamu mkononi.

Nikamwonyesha Bibi pale dirishani. Akasema basi, hii ni ya kurithi, akaandika. Nilijua kwamba Bibi hawezi kunirithisha kitu cha mwilini. Lakini kumweleza habari yote ile ya ng'ombe na mzee Marwa, mbele ya watu wale? Nikamwacha aandike.

Bibi aliporudi, Sista akamwambia nirudi kesho yake na keshokutwa kupimwa tena, nije na mama yangu, na nikipatikana hivyo hivyo niende hospitali nikapimwe figo na mkojo. Bibi akaitikia, akapokea kile kikaratasi, akakifunga kwenye pindo la kanga pamoja na vidonge vyake.

Tulipofika kwenye mashine ya kusaga, ambapo kelele huwa kubwa kiasi kwamba hata anayepita jirani hasikii, Bibi alisimama. Akasema jambo hili libaki letu wawili mpaka kikao kipite.

Kikao kilikuwa cha ukoo. Baba mdogo Mwita, mtoto wa mdogo wake mzee Marwa, alikuwa anadai kiwanja chetu kirudi kwa wanaume wa ukoo, kwa sababu Mama amezaa wasichana wawili tu na sasa amekoma kuzaa, kwa hiyo nyumba haina mtu. Bibi alikuwa amesema mbele ya wazee kwamba mtu wa nyumba yake ni Ghati. Ghati anasoma, Ghati atajenga, Ghati atamzika. Jina langu lilikuwa linapita kwenye vinywa vya wazee nisiowajua, na mimi hata kuwaamkia shikamoo nilikuwa napata shida. Usiku nilikuwa nalala nikisikia moyo unapiga ndani ya sikio. Nilidhani kila mtu mwenye wasiwasi anasikia hivyo.

"Wakijua unaumwa," Bibi akaniambia pale kwenye mashine, "watasema nimewaletea mrithi wa kuzikwa. Subiri. Wewe ni wa nyumba yangu, na dawa ya nyumba yangu ninayo."

Sikubisha. Na nisimsingizie Bibi peke yake, mimi mwenyewe nilifurahi. Shuleni msichana akionekana zahanati mara mbili, mara ya tatu anaambiwa ana mimba. Nilipenda kuficha kuliko nilivyopenda kupona.

Kesho yake asubuhi, Mama akiwa amekwenda kukamua, Bibi aliniita chumbani kwake. Alikuwa amegeuza kifuniko cha kopo la mafuta ya kupaka, ameweka kidonge katikati, ameshika wembe. Kidonge kile ni kidogo kama punje ya dengu, hivyo alikikata kwa ustadi, kama anayekata kucha ya mtoto. Vipande havikutoka sawa. Akanipa kikubwa. Kidogo akakimeza yeye, halafu akalamba ule unga uliobaki kwenye kifuniko.

Tulifanya hivyo kila siku. Kwenye daftari langu, juu ya kila ukurasa, niliandika: Bibi nusu, mimi nusu. Sijui kwa nini niliandika. Nadhani nilipenda jinsi inavyosomeka.

Chumvi nayo niliiacha. Nikamwambia Mama kwamba nataka kula na Bibi kwenye sufuria yake, kwa kuwa anakula mpweke. Mama alicheka, akasema nimeanza uzee mapema. Shuleni rafiki yangu Wankuru aliona sichukui chumvi kwenye maharage, akaanza kuniita bikizee, na darasa zima likashika.

Mwezi wa nane Bibi alikwenda kliniki bila mimi, na nilidhani napona. Mwezi wa tisa kichwa kikaanza kuuma kisogoni, hasa asubuhi. Macho yalivimba, nikawa natazama kioo naona uso wa mtu aliyelia, na wala sikulia. Mkojo ulikuwa na povu kama la sabuni. Siku moja damu ilinitoka puani wakati wa hesabu, ikadondokea kwenye pembetatu niliyokuwa nachora. Mwalimu alinipa kitambaa chake. Nikamwambia ni jua.

Siku ya kliniki tulikwenda. Presha ya Bibi ilikuwa imepanda. Sista Tumaini alipima mara mbili, akamuuliza kama anameza dawa. Bibi akasema anameza. Sista akanigeukia mimi, kwa kuwa aliniamini, alizoea kuniambia maelekezo yote.

"Mjukuu, anameza kila siku?"

"Ndiyo," nikasema.

Neno moja. Mimi ambaye maneno hunigomea, hilo lilitoka lenyewe, laini. Nimelifikiria kuliko neno lingine lolote nililowahi kusema. Na si uongo hata, alikuwa anameza kila siku. Sista akauliza mama yangu yuko wapi, mbona hakuletwa. Bibi akasema amesafiri, akirudi atanileta nipimwe. Sista akasema Mama asipokuja mwezi ujao, yeye Sista atakuja mwenyewe nyumbani, na akamwongezea Bibi dawa. Bibi alifurahi sana njiani. Alisema sasa zitatutosha.

Hazikututosha. Ile ya pili, Bibi aliona ni chungu na kubwa zaidi, akaamua ndiyo yenye nguvu. Akawa ananipa nzima, juu ya nusu yangu ya ile ndogo, yeye anabaki na nusu yake tu. Nilimuuliza kama hiyo ni sawa. Akasema yeye mwili wake umezoea, wangu ndio mgeni.

Kikao kilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, mvua za vuli zikiwa zimeanza kulainisha udongo. Wazee saba walikaa uani kwetu kwenye viti vya kuazima kanisani. Mama alipika uji wa ulezi, mimi nikapita na vikombe. Baba mdogo Mwita alizungumza kwanza, na kwa kweli anajua kuzungumza. Alisema hakuna anayemchukia mama mkubwa, lakini huwezi kufunga zizi kwa kanga. Wazee wakacheka. Akanitazama nikiwa na sinia, akasema hata uji wenyewe mikono inatetemeka, ndiye huyu mnayesema atasimamia boma?

Bibi akasimama. Alikuwa hasimami vikaoni, alikuwa akizungumza akiwa amekaa. Alianza vizuri. Alisema ng'ombe aliotoa kumleta Mama hakuazima kwa mtu, kwamba wazee wawili kati ya waliokaa pale walikula nyama siku hiyo. Halafu maneno yakaanza kuteleza. Alisema "Ghati" ikatoka kama amejaza chakula mdomoni. Mzee mmoja akacheka, akadhani ni hasira. Mimi nilikuwa upande wake wa kulia, niliona pembe ya mdomo imeshuka, mate yanatoka, na yeye hayafuti.

"Mama mkubwa, kaa chini," akasema Baba mdogo Mwita, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Aliona pia.

Hakukaa. Alianguka upande wa kulia, na vikombe vyangu vikaanguka naye.

Nataka kuandika hili vizuri kwa sababu watu wa Turwa wanalisimulia vibaya. Aliyembeba Bibi ni Baba mdogo Mwita. Alimpakia mgongoni, akakimbia naye tope lote lile mpaka barabarani, viatu vikabaki njiani, akasimamisha bajaji akamshusha abiria aliyekuwa ndani. Mama na mimi tulifuata kwa bodaboda. Sijawahi kumwona mtu mzima analia huku anakimbia.

Hospitali walimpokea haraka. Tulikaa kwenye korido yenye benchi la saruji. Baada ya muda daktari kijana akatoka na faili, akamuuliza Mama ni dawa gani Bibi anatumia na anazitumiaje. Mama akataja, akasema anameza kila siku, hajawahi kuruka, mjukuu wake ndiye anayesimamia. Wote wakanitazama. Baba mdogo Mwita peku peku, Mama na kanga yenye uji, daktari na kalamu.

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nilijaribu tena, nikahisi kisogo kinagonga. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa sketi, huwa natembea nalo. Nikamkabidhi daktari.

Alisoma ukurasa wa kwanza aliofungua. Akafunua mwingine, na mwingine. Bibi nusu, mimi nusu. Bibi nusu, mimi nusu. Kule mwishoni: Bibi nusu ya ndogo, mimi nusu na kubwa nzima. Hakusoma kwa sauti, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alinishika mkono, akanikalisha, akamwita nesi alete mashine.

"Kuna nini humo?" Mama akauliza. Mama alisoma mpaka darasa la nne, mwandiko wangu hausomi kwa haraka. "Ghati. Umeandika nini?"

"Mama, nilikuwa nameza dawa za Bibi."

"Kwa nini?"

"Nina presha. Tangu mwezi wa saba."

Mama hakunipiga wala hakupaza sauti. Alikaa chini sakafuni, si kwenye benchi, akauliza nani mwingine alikuwa anajua. Nikasema Bibi. Akatikisa kichwa muda mrefu.

"Miaka kumi na nane niko nyumba hii," akasema, "na bado mimi ni mtu wa kuja."

Yangu siku ile ilikuwa mia na themanini na mbili. Walinilaza. Nililala wodi moja na Bibi, vitanda vikitenganishwa na wanawake watatu, na sote tukawa tunapimwa na nesi yule yule, akitoka kwake anakuja kwangu. Bibi alikuwa amepooza upande wa kulia na maneno yalikuwa yamekwenda. Daktari alinieleza kwamba dawa niliyokuwa nameza haikuwa ya tatizo langu, na kwamba kwa Bibi nusu ile ilikuwa kama hakuna. Nikamuuliza, kwa kuandika kwenye kipande cha boksi la dawa, kama mimi ndiye niliyempoozesha. Akakaa kitandani kwangu. Alisema presha ya Bibi ilikuwa na sababu nyingi, umri, kikao, miaka yote ile, na hakuna mtu anayeweza kusema ni nusu ipi iliyofanya nini. Alikuwa mkweli, hakusema hapana. Nimekuwa nikiishi na jibu hilo.

Nilitumwa Mwanza kupimwa figo. Daktari wa huko aliuliza swali lile lile la Sista Tumaini: kwenu nani ana presha, nani ana figo? Safari hii nilisema sijui, baba yangu simjui. Ilinichukua muda kulitoa, lakini lilitoka. Mama, aliyekuwa amekaa pembeni, akaangalia dirishani.

Tuliporudi Tarime, Mama alipanda basi peke yake akaenda Mugumu. Tulidhani ametuacha. Bhoke alilia siku mbili, akakataa kula. Mimi nilikuwa napika ugali, nakwenda wodini kumlisha Bibi kwa kijiko, nawaza kwamba nimevunja kila kitu cha nyumba ile kwa kidonge kimoja. Siku ya tano Mama akarudi, amebeba maziwa ya mgando kwenye kibuyu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekwenda kumtafuta dada wa yule mwanamume aliyetuzaa. Akanieleza jikoni, akichochea moto, bila kunitazama. Mama yake yule mtu alikufa akiwa amevimba miguu na uso, walisema amerogwa. Kaka wa mtu huyo vivyo hivyo, akiwa hajafika hata miaka thelathini.

"Nilisikia habari hizo zamani," Mama akasema. "Nikanyamaza kwa sababu huyo mtu hatajwi hapa. Nisingenyamaza, ungepimwa ukiwa mdogo."

Nikataka kumwambia si kosa lako. Nikamshika tu mgongo. Tulikaa hivyo mpaka uji ukafurika.

Figo zangu zimeharibika kiasi, si kabisa. Nina dawa zangu, zenye jina langu kwenye bahasha. Ya kwanza ilinitia kikohozi kikavu, nikakohoa kipindi chote cha masika mpaka Wankuru akaacha kuniita bikizee, akaanza kunibebea begi. Walibadilisha. Ya pili inavimbisha vifundo vya miguu jioni, soksi zinaacha alama kama pete. Nimenenepa mashavu. Chumvi naiota. Kuna siku nilisimama kwa mama anayekaanga samaki nikanusa tu, akanifukuza, akisema kama hununui usiwamalizie wateja harufu.

Sasa nieleze kuhusu asubuhi zetu, maana ndizo zilizobaki.

Bibi alirudi nyumbani kabla ya Krismasi. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, jicho lilikuwa zima, na akili, naamini, ilikuwa nzima. Nilikuwa namletea dawa yake na kikombe cha maji. Siku ya kwanza alikataa kufungua mdomo. Nilidhani ni kumeza kunamsumbua. Nikaiponda, akakataa. Akainua ule mkono wa kushoto, akaweka kidole juu ya kidonge kiganjani mwangu, akafanya hivi, kama wembe, katikati. Halafu akanielekezea mimi kifuani.

Alitaka nikate.

Nilimwambia, Bibi, mimi ninazo zangu. Akafanya tena, wembe, halafu mimi. Nikakimbia nikaleta bahasha yangu nikamwonyesha. Aliitazama muda mrefu, hajui kusoma, lakini alipitisha kidole kwenye maandishi. Nikatoa changu, nikakimeza mbele yake, nikafungua mdomo mpana nikatoa ulimi, aone kwamba kimekwenda. Ndipo naye akafungua wake.

Ikawa hivyo kila siku, miezi sita. Alisahau mengi, wiki nyingine hakumtambua Bhoke, lakini hilo hakulisahau. Hamezi mpaka mimi nimeze, nifungue mdomo, nitoe ulimi. Bhoke alikuwa akicheka, anasema tunafanana na vifaranga. Mama akawa anakuja kusimama mlangoni na yeye, anatuangalia, halafu anaondoka kukamua. Kulikuwa na asubuhi nilizochoka, niliamka nikichukia vidonge na kichwa na kila kitu, na ningeruka, nasema ukweli. Lakini Bibi alikuwa amekaa pale ananisubiri, mdomo umefungwa.

Alifariki mwezi wa sita mwaka huu, tukivuna mahindi, mchana, Mama akiwa anamfuta uso. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema jambo.

Kaburini palikuwa na ubishi wa nani aanze kutupa udongo, maana hapo ndipo ukoo mzima unapoona nani ni mwenye nyumba. Mzee mmoja alimwita Baba mdogo Mwita, akampa koleo. Yeye akalishika, akalitazama, akageuka akanitafuta kwenye watu. Nilikuwa nyuma kabisa, nimejificha kwa Wankuru.

"Ghati," akasema. "Njoo. Ni wa kwako."

Nilipita katikati ya watu wote wale. Sikusema kitu, na hakuna aliyetaka niseme. Udongo ulikuwa mkavu, ulitoa sauti kubwa kuliko nilivyotegemea. Suala la kiwanja halijaisha, bado linazungumzwa, lakini tangu siku hiyo halizungumzwi bila mimi kuitwa.

Nimemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi uliopita, nasubiri matokeo. Sista Tumaini ndiye anayenipima sasa, na kwenye kadi yangu amekata kwa kalamu nyekundu pale alipoandika Bibi, akaandika upande wa baba. Nilimwomba asikate sana, liendelee kusomeka. Nilimwomba pia msamaha kwa lile neno langu moja. Alisema angenipima hata kwa nguvu siku ile, kama angejua, na akafuta miwani yake kwa muda mrefu.

Wewe uliyepimwa juzi na umekificha kikaratasi, sina ujuzi wa kukupa. Mwambie mama yako. Ukishindwa kusema, mwandikie. Na mtu anayekupenda akikukatia kidonge chake, usikipokee, hata akikupa kipande kikubwa. Hasa akikupa kipande kikubwa.

Asubuhi baada ya maziko niliamka nikachukua maji na bahasha yangu, nikaingia chumbani kwa Bibi. Godoro lilikuwa limetolewa nje, limebaki fremu tu ya kitanda na kile kifuniko cha kopo dirishani. Nilimeza. Nikasimama pale, nikafungua mdomo, nikatoa ulimi. Nikasubiri kidogo.

Bado nafanya hivyo. Leo pia nimefanya.